Tunawadai watoto ubunifu huku tukiwanyima usingizi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu jambo linalotajwa sana katika hotuba za mahafali na semina za walimu, yaani ubunifu, na kuhusu ratiba tunazowapangia watoto wetu, ambazo kwa maoni yangu zinauzuia ubunifu huo huo tunaoutaka. Mimi ni mwalimu wa fizikia na hisabati katika shule ya sekondari, na pia ni mzazi, kwa hiyo ninayoyaandika yananihusu pande zote mbili.

Wengi wetu tumekua tukiambiwa kwamba ubunifu ni kipaji cha kuzaliwa, na kwamba aliyejaliwa hutumia upande wa kulia wa ubongo ilhali wengine hutumia wa kushoto. Zipo kazi zinazoelemea upande mmoja, lugha ikiwa mfano mzuri, lakini mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, walipochunguza picha za ubongo za watu zaidi ya 1,000 hawakuona kundi la watu ambao ubongo wao kwa ujumla unategemea upande wa kulia au wa kushoto. Imani hiyo ina madhara darasani, kwa sababu mwalimu akishamhesabu mtoto kuwa si mbunifu, hamuulizi tena swali lisilo na jibu kitabuni.

Kinachoonekana katika tafiti za miaka ya karibuni ni kwamba wazo jipya hutokana na ushirikiano wa sehemu nyingi za ubongo. Mwaka 2001 Marcus Raichle na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis walichapisha makala iliyowafanya wataalamu waanze kuuangalia kwa makini ubongo uliopumzika. Ubongo wa mtu mzima una takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia kiasi cha asilimia 20 ya nishati yake. Mtu akitoka katika kukaa tu na kuanza kazi inayohitaji umakini, matumizi hayo huongezeka kidogo sana, kwa kawaida chini ya asilimia 5. Maana yake ni kwamba anayekaa barazani bila shughuli maalumu, ubongo wake uko kazini. Kuna sehemu kadhaa, za katikati mbele, za katikati nyuma na za pembeni, ambazo hushirikiana zaidi wakati huo, na hizo ndizo zinazohusika tunapokumbuka yaliyopita, tunapowaza yajayo na tunapojaribu kuyaona mambo kwa macho ya mwenzetu.

Hata hivyo, mtandao huo wa sehemu za ubongo, tuuite wa mawazo huru, peke yake haumalizi kazi. Mwaka 2018 Roger Beaty na wenzake waliwapima watu wakiwa ndani ya mashine ya MRI, inayopiga picha za ubongo ukiwa kazini, huku wakitafuta matumizi mapya ya vitu vya kawaida. Waliotoa mawazo ya kipekee zaidi walikuwa wale ambao mtandao wa mawazo huru umeunganika vizuri na mtandao wa kusimamia na kuchuja, ambao hutegemea sana sehemu ya mbele ya ubongo, pamoja na mtandao wa tatu unaochagua jambo la kuzingatiwa. Kwa kawaida mitandao hiyo miwili ya kwanza hupokezana, mmoja ukipanda mwingine hushuka. Kwa mtu anayetoa wazo jipya, hufanya kazi bega kwa bega. Kwa lugha ya mwalimu, mwanafunzi anahitaji akiba ya maarifa aliyoyasoma kwa bidii, na anahitaji pia saa ambazo maarifa hayo yanaachwa yakutane yenyewe.

Mwanahisabati wa Ufaransa, Henri Poincaré, aliwahi kueleza jinsi alivyohangaika siku nyingi na tatizo lake, akasafiri, safari ikamsahaulisha hisabati, kisha jibu likamjia pale alipokanyaga ngazi ya gari la abiria mjini Coutances. Graham Wallas wa Uingereza, mwaka 1926, alizipanga hatua za aina hiyo kuwa nne: maandalizi, kuatamia (yaani kuliacha tatizo kwa muda), kung'amua na kuhakiki. Mpangilio huo ni wa zamani na haumfai kila mtu, lakini hatua ya pili imepata ushahidi mwingi tangu wakati huo, nayo ndiyo tuliyoifuta katika shule zetu. Mwaka 2004 Mark Beeman na John Kounios walichapisha vipimo vya umeme wa ubongo vya watu waliokuwa wakifumbua mafumbo ya maneno. Pale jibu lilipokuja kwa ghafla, mawimbi ya kasi yaitwayo gama yalizuka juu kidogo ya sikio la kulia, karibu theluthi ya sekunde kabla mtu hajabonyeza kitufe. Muda mfupi kabla ya hapo, upande wa nyuma unaoshughulika na kuona ulionyesha mawimbi ya alfa, dalili kwamba ubongo ulikuwa umepunguza habari zinazoingia kupitia macho. Jibu lilihitaji utulivu kidogo ili lisikike.

Usingizi ndio utulivu mkubwa kuliko wote. Mwaka huo huo wa 2004, watafiti wa Lübeck, Ujerumani, wakiongozwa na Ullrich Wagner na Jan Born, waliwapa watu hesabu ndefu zenye kanuni ya mkato ambayo hawakuambiwa. Waliolala kwa muda wa saa nane kati ya zoezi la kwanza na la pili waliigundua kanuni hiyo kwa kiwango cha zaidi ya mara mbili ya wale waliokaa macho. Mwaka 2021 watafiti wa Paris walitumia hesabu za aina hiyo hiyo na kukuta kwamba hata sekunde 15 za usingizi mwepesi wa mwanzo zilisaidia: asilimia 83 ya waliopitia hali hiyo waligundua kanuni, wakilinganishwa na asilimia 30 ya waliobaki macho.

Sasa tuiangalie ratiba ya mwanafunzi wa kidato cha nne katika shule nyingi ninazozifahamu. Kengele ya kuamka hulia saa kumi alfajiri. Kuna kujisomea kabla ya mstarini, kisha vipindi hadi alasiri, kisha tuisheni, kisha prepo ya usiku inayofika saa nne, na kwa walio kwenye kambi za maandalizi ya mtihani, saa tano. Jumamosi ni mitihani ya majaribio. Wa kutwa naye, akirudi nyumbani, hupokewa na mwalimu wa ziada aliyelipwa na mzazi mwenye nia njema kabisa. Nimewaona vijana hawa wakisinzia katika kipindi cha kwanza, kalamu ikiwa bado mkononi, na nimewasikia walimu wenzangu wakiwaita wavivu. Hesabu ni rahisi: anayelala saa tano na kuamka saa kumi amepata saa tano tu za usingizi, wakati vijana wa umri huo wanashauriwa kulala kwa muda wa saa nane hadi kumi kila usiku. Hapo hapo tunamtarajia ajibu swali ambalo hajawahi kuliona. Na dakika chache anazobaki nazo, siku hizi zinachukuliwa na simu, hata akili haipati kukaa bure.

Wanaodhani kwamba muda usiopangiwa kazi ni hasara, nawaomba wamkumbuke Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa na mazoea ya kujitengenezea aiskrimu: walichemsha maziwa, wakachanganya sukari, wakasubiri yapoe, kisha wakayaweka kwenye jokofu. Siku moja nafasi ilikuwa finyu. Mwenzake aliweka maziwa ambayo hayakuchemshwa, na Mpemba, kwa kuchelea kukosa nafasi, akaweka yake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu hivi, ya Mpemba yalikuwa yameganda na ya mwenzake bado. Alipomuuliza mwalimu wake, aliambiwa kwamba amechanganyikiwa. Swali halikumtoka. Aliwahi kusikia kutoka kwa rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu Tanga mjini kwamba hata wao huweka maziwa ya moto ili yagande haraka. Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, akamuuliza mwalimu mwingine, naye akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya dunia nzima. Tangu siku hiyo wenzake wakawa wanamtania kwa maneno hayo kila alipokosea. Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam alipoitembelea shule, kijana huyo akasimama na kuuliza tena, wenzake wakacheka. Osborne hakucheka. Aliporudi Dar es Salaam aliagiza jaribio lifanywe, na mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala ambayo jina la Mpemba linatajwa nayo hadi leo duniani kote. Wanafizikia bado wanabishana juu ya sababu za tukio hilo, na wapo wanaohoji kama hutokea kila mara, lakini ubishi huo wote umezaliwa na swali la mwanafunzi wa Kitanzania.

Habari hii husimuliwa mara nyingi ili kusifu ujasiri wa kuuliza, na ni haki. Mimi nasisitiza jambo lisilosemwa: wanafunzi wa Magamba walikuwa na muda wa kutengeneza aiskrimu. Kama saa zile zingekuwa za tuisheni, maziwa ya moto yasingeingia kwenye jokofu.

Jambo la pili katika habari hiyo ni kicheko. Mwaka 2008 Charles Limb na Allen Braun waliwachunguza wapiga piano sita wa muziki wa jazi wakiwa ndani ya MRI, na wakaona kwamba walipobuni muziki papo kwa papo, sehemu ya mbele ya ubongo inayohusika na kujikagua ilipungua kazi, huku sehemu ya katikati inayohusiana na kujieleza ikizidi. Matokeo yanayofanana na hayo yalipatikana mwaka 2012 kwa wasanii 12 wa rapu waliochana mitindo huru. Naamini malenga wetu wa Pwani wanaojibizana kwa mashairi ya papo kwa papo wangeyatambua maelezo hayo bila mashine yoyote. Mkaguzi wa ndani ana kazi yake, lakini anatakiwa aje baadaye. Mtoto anayejua kwamba jibu likikosea darasa zima litamcheka humleta mkaguzi huyo mapema, na wazo hufa kabla halijatamkwa.

Huwa nawapa wanafunzi wangu zoezi dogo. Naweka mezani kandambili iliyokatika mkanda, nawataka waandike matumizi yake yote wanayoweza kuyafikiria, kila mmoja peke yake na bila kusomeana. Majibu ya mwanzo hufanana darasa zima: kuulia mende, kuzuia mlango, kupepea jiko. Kisha kimya huingia na wengi huweka kalamu chini. Wakihimizwa waendelee, ndipo mmoja huandika kwamba atakata duara nne ziwe magurudumu ya gari la mdogo wake, mwingine atatengeneza maboya ya nyavu, na binti mmoja aliandika kwamba angechonga herufi kwenye kipande chake kiwe muhuri. Watafiti wameliona jambo hilo tangu miaka ya 1950: mawazo ya kipekee huja nyuma ya yale ya kawaida. Kuandika peke yao kwanza nako kuna sababu, maana jaribio la Chuo Kikuu cha Yale la mwaka 1958 lilionyesha kwamba watu wanne wanaofikiri kila mmoja kivyake, mawazo yao yakijumlishwa, hupata mengi zaidi ya kikundi cha wanne waliokaa pamoja. Walimu wanaopenda kazi za vikundi wawape wanafunzi dakika tano za ukimya kwanza.

Kutembea nako kunasaidia. Katika majaribio ya Chuo Kikuu cha Stanford yaliyochapishwa mwaka 2014, waliotembea walitoa mawazo mapya kwa wastani wa asilimia 60 zaidi ya walipokuwa wamekaa, hata waliotembea kwenye mashine iliyoelekea ukutani. Kwa maswali yenye jibu moja sahihi, kutembea hakukusaidia. Kwa hiyo kuna wakati wa kutembea na wakati wa kukaa na kuhakiki.

Najua mzazi atasema: mtihani wa kidato cha nne ndio unaoamua maisha ya mwanangu, sina nafasi ya majaribio. Hofu hiyo naielewa kwa sababu ninayo mimi mwenyewe. Sisemi watoto wasome kidogo, wala sisemi mtu anaweza kubuni katika jambo asilolijua. Poincaré aliihangaikia hisabati yake kabla ya kupanda gari lile. Ninachosema ni kwamba saa ya sita ya kusoma mfululizo, ikichukuliwa kutoka kwenye usingizi, haiongezi hata hayo maarifa ya kukariri, kwa kuwa usingizi ndio unaosaidia kumbukumbu kukaa.

Kwa hiyo naziomba bodi za shule na kamati za wazazi zifanye mambo mawili ambayo hayahitaji bajeti: prepo ya usiku ifungwe saa tatu na nusu na kengele ya asubuhi isilie kabla ya saa kumi na mbili kasorobo, na alasiri mbili kwa wiki zisiguswe na tuisheni wala mtihani wa majaribio, ziwe za michezo, bustani, muziki, karakana, au za kukaa tu. Kwako Mhariri, naomba ukurasa wa watoto uwe na swali moja lisilo na jibu moja, lichapwe Ijumaa, na majibu ya wasomaji yachapwe Ijumaa inayofuata badala ya kuwekwa chini ya ukurasa huo huo, ili watoto wapate siku kadhaa za kulala na swali hilo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu na mzazi,
Morogoro.