Kabla ya Jumamosi: kuhusu wimbo wa taifa

Ndugu zangu, habari za jioni. Nimesoma mabishano yenu ya tangu jana kuhusu mwenzetu aliyekaa kimya wimbo wa taifa ulipopigwa mechi iliyopita ya timu yetu ya taifa, Taifa Stars. Alisimama wima, kofia mkononi, ila hakuimba. Basi. Aliyemsukuma bega na kumwita msaliti, naomba ampigie simu amtake radhi. Hilo nalisema kwa uzito.

Mwaka 2013 Mahakama ya Rufani iliwapa ushindi wanafunzi wa Mbozi, Mashahidi wa Yehova, walioadhibiwa na shule kwa kutoimba wimbo huohuo. Ikiwa mwanafunzi mbele ya mwalimu wake ana haki ya kunyamaza, mtu mzima aliyekata tiketi yake tutamlazimisha kwa haki gani? Sababu zake ni zake, mimi sitamwuliza.

Ninachoomba kwa kila mmoja: wimbo ukianza simama, vua kofia, shusha vuvuzela, acha kupitapita kutafuta kiti. Mwenye mguu mbovu au umri mkubwa akae tu, asikodolewe macho.

Na kuzomea wimbo wa wageni sitaki kabisa. Hapo ndipo tunapoaibika kweli, kuliko mtu mmoja kunyamaza. Mpira ukianza, shangilieni Stars mpaka sauti zikauke.

Basi linaondoka saa nane mchana. Wanaokwenda, nitumieni majina kabla ya kesho jioni.