Vyungu visikaushwe kwa haraka

Mhariri,

Vyungu vyenye alama za majani na mishikio ya kamba za magugu-maji vinapendwa sana hapa Kisumu. Inasikitisha kuona vingi vikipasuka kabla ya kumfikia mnunuzi, na sababu kubwa ni haraka.

Udongo uchanganywe na vigae vilivyosagwa, sehemu 1 kwa 4 za udongo, ukandwe mpaka hewa yote itoke. Jani lilazwe ule upande wenye mishipa iliyotuna ukigusa udongo, likandamizwe kwa chupa. Lisibanduliwe, litaungua motoni na kuacha alama ya kila mshipa wake, hata ile myembamba kama uzi. Matundu ya kamba yatobolewe mapana kidogo kuliko kamba, maana udongo hunywea.

Kisha subira. Chombo kifunikwe kitambaa, kikauke kivulini wiki mbili. Mdomo ukitangulia kitako kukauka, ufa hauepukiki. Tanurini, maji yaliyobaki hugeuka mvuke nyuzi 100 na chombo hulipuka, kwa hiyo moto uanze mdogo.

Kamba husukwa baada ya kuchoma, zikiwa kavu kabisa, la sivyo huota ukungu.

Wenye maduka, tafadhali msiagize mzigo wa siku tatu.

Wafinyanzi,
Kisumu