Unene wa watoto: tuambiwe kwanza nani alipimwa

Mhariri,

Siku hizi takwimu za unene uliokithiri wa watoto huchotwa moja kwa moja kutoka kwenye rekodi za afya za kielektroniki. Naunga mkono, ila nina neno.

Faida yake ilionekana Marekani wakati wa UVIKO-19. Utafiti wa kitaifa wa kuwapima watu ana kwa ana ulisimamishwa Machi 2020, lakini rekodi za watoto na vijana 432,302 wa miaka 2 hadi 19 zilionyesha kiwango kimepanda kutoka asilimia 19.3 Agosti 2019 hadi 22.4 mwaka mmoja baadaye. Bila rekodi hizo tungekuwa gizani. Hata hivyo, hao ni watoto waliopimwa kabla ya janga na kupimwa tena lilipokuwa likiendelea. Asiyefika kliniki hayumo, na mgonjwa wa mara kwa mara huonekana zaidi ya mwenye afya njema.

Kinachonisumbua zaidi ni urefu. Mizani ipo kila chumba. Kumvua mtoto viatu na kumsimamisha wima ukutani, foleni ikiwa ndefu, ni kazi inayorukwa. Basi urefu wa mwaka jana unanakiliwa. Chukua mvulana wa miaka 7 mwenye kilo 26 na sentimita 120: BMI yake, yaani uzito wa kilo ukigawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, ni 18.1. Ukitumia sentimita 116 za zamani, inaruka hadi 19.3. Kwa chati ya Shirika la Afya Duniani ya 2007, mpaka wa unene uliokithiri kwa umri huo ni takriban 19. Mtoto kavuka mpaka bila kuongezeka hata gramu moja! Kosa la urefu huuma kuliko la uzito kwa sababu urefu huzidishwa kwa wenyewe. Kompyuta hukamata kilo 260. Sentimita 116 inazipitisha bila shaka yoyote.

Uingereza huwapima watoto shuleni, wa miaka 4 hadi 5 na 10 hadi 11, hata wasiokanyaga kliniki. Kipimo cha namna hiyo kingefaa kuwekwa kando ya rekodi ili kuzisahihisha. Na gazeti lako, linapochapa asilimia inayotokana na rekodi, liwaulize watafiti mambo mawili: ni watoto wangapi hawakuwa na urefu uliopimwa siku ileile ya uzito, na wangapi hawakuonekana kliniki mwaka mzima. Majibu hayo yachapwe pamoja na asilimia yenyewe, si chini kabisa kwa herufi ndogo.

Msomaji wako