Tela ya jeshi: springi kwanza, hema baadaye

Wateja wengi hufika gereji kwetu hapa Arusha na picha kwenye simu: tela ya jeshi iliyostaafu, hema juu ya mfuniko, jiko la kuvuta nyuma, friji na taa. Kazi hiyo tunaipenda sana. Ila kabla ya kugusa mashine ya kuchomelea tunauliza: ukishapakia kila kitu, itakuwa na kilo ngapi?

Chukua Sankey, tela ambayo jeshi la Uingereza liliivuta kwa Land Rover. Ilitengenezwa kubeba robo tatu ya tani. Ikishiba mzigo, springi hulainika na tela hutulia. Ukiipa hema, magodoro mawili na mtungi wa gesi, kwake hiyo ni kama tupu, na kwenye vile vituta vidogo vidogo vinavyofuatana kutoka Mto wa Mbu kwenda Ngare Sero, karibu na Ziwa Natron, itarukaruka njia nzima. Mteja mmoja alituletea tela iliyotoka safari ya Ziwa Natron: friji imeng'oka pale ilipochomelewa, mlango wa kabati hauonekani. Chuma cha jeshi hakikuwa na hata ufa. Vilivyovunjika ni vitu vyote vilivyoongezwa. Ndiyo maana tunapima uzito kwanza, kisha tunapunguza vipande vya springi au kuweka nyingine laini, na kufunga shokapu.

Maji nayo yana hesabu yake. Lita 80 ni kilo 80, na kila siku zinapungua. Tangi tunaliweka juu ya ekseli, ili likiisha tela isibadilike tabia. Mbele, kwenye ulimi (ule mkono unaofungwa kwenye gari), tunataka takribani asilimia 10 ya uzito wote. Ukilundika mizigo nyuma, tela itayumba na kulivuta gari nayo.

Kuhusu matairi hatukubali njia ya mkato. Rimu za Sankey ni za Land Rover, nati tano. Kama unavuta kwa Land Cruiser ya zamani yenye nati sita, tunabadilisha habu (kitovu ambacho gurudumu hufungwa) ili spea moja iingie kwenye gari na kwenye tela. Pancha ya Engaruka saa kumi na mbili jioni haingoji spea iletwe kutoka mjini. Beringi tunaweka mpya bila kujadiliana, na tunakuomba usimame baada ya kilomita 30 za mwanzo uguse habu: ikikuunguza mkono, usiendelee.

Lile jicho kubwa la chuma kwenye ncha ya ulimi, lenye tundu la milimita 76, tunashauri libaki. Ndoano yake kwenye gari inavumilia tela kulala upande kwenye korongo kuliko kile kichwa cha chuma cha mviringo cha milimita 50 cha tela za kiraia. Litagongagonga kidogo, hilo ni la kawaida.

Umeme ni kazi ndogo. Tela za Kimarekani kama M416 zilivutwa na magari ya volti 24, kwa hiyo balbu zake kwenye gari la volti 12 huwaka kama koroboi. Tunabadilisha balbu, plagi na nyaya zote. Turubai la zamani halizuii vumbi la Natron. Tunatengeneza mfuniko wa bati wenye mpira pande zote. Rangi ya jeshi tunaifuta kabisa.

Ukija, njoo na gari litakalovuta, pamoja na vyombo vyako vyote, hata sufuria. Tutavipakia, tutapima, ndipo tukupe bei.