Sola za mapaani zigawanywe kwa fezi

Mhariri,

Sola mpya ikipanda paani Kisumu, Kakamega au Nakuru, swali huwa ni bili itapungua kwa kiasi gani. Laini inayopeleka umeme wa ziada kwa majirani haiulizwi.

Chukua nyumba iliyo mita 500 kutoka kwa transfoma, kwa waya wa aluminiamu wa milimita 50 za mraba. Inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa sola uwe kama wa laini) ikirudisha kilowati 5 kwa fezi moja, yaani mmoja wa nyaya tatu za umeme wa laini, hiyo ni karibu ampia 21. Waya huo una ukinzani wa omu 0.64 hivi kwa kilomita, na mkondo huenda kwa fezi na kurudi kwa nyutro, kwa hivyo pale nyumbani volti hupanda kwa 13. Nyumba tatu kama hiyo zikiwa kwenye fezi moja, volti 240 za kawaida huelekea 280, tena saa saba mchana wakati wengi wako kazini na matumizi yako chini. Kila moja ikipewa fezi yake, mikondo ya nyutro hufutana na volti hupanda kwa 7 tu. Waya ni ule ule.

Mwishoni mwa laini mambo huwa mabaya zaidi, maana mara nyingi tepu ya transfoma (swichi ya kuchagua volti zinazotoka) imeshapandishwa ili stima isififie jioni. Hatua moja ya asilimia 2.5 ni volti 6, na tepu haiguswi transfoma ikiwa na umeme. Kilichofaa saa mbili usiku ndicho kinachoumiza mchana.

Inveta nyingi huja zikiwa zimepangiwa nchi za volti 230, zinajikata zikifika 253. Kwetu, jua likikolea tu zinazima. Mteja akilalamika, fundi hufungua menyu na kupandisha kikomo hadi 275 au 280. Hilo ni kosa kubwa! Inveta inatulia, lakini televisheni na friji za jirani ndizo zinazoungua. Chagueni mpangilio wa volti 240, kikomo kisizidi 264, na inveta ianze kupunguza nguvu taratibu kuanzia 255 hivi.

Mipangilio ya masafa (mara ambazo umeme hubadili mwelekeo na kurudi kwa sekunde, kwa hezi) nayo isibadilishwe kiholela. Uingereza, tarehe 9 Agosti 2019, radi ilipiga laini, mitambo miwili mikubwa ikapunguza uzalishaji, na mitambo midogo mingi ikajikata yenyewe papo hapo kwa sababu ya mipangilio ya ulinzi. Masafa yalishuka hadi hezi 48.8 na wateja zaidi ya milioni moja wakakosa umeme.

Sheria ya Kawi ya 2019 inamruhusu mtumiaji kuunganisha mtambo usiozidi megawati 1. Tunaiomba EPRA, mamlaka inayodhibiti kawi nchini, iongeze mambo matatu kwenye fomu ya maombi: fezi ambayo nyumba imeunganishwa, volti zilizopimwa saa saba mchana na saa mbili usiku kwa siku saba, na kikomo kilichowekwa kwenye inveta, kikiwa na sahihi ya fundi mwenye leseni.

Mafundi wa sola,
Kisumu