Si kila maumivu ya kibofu ni UTI

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wagonjwa wa kibofu cha mkojo, pamoja na wenzangu tunaowahudumia kwenye dirisha la dawa.

Yupo mgonjwa ambaye kibofu kinamuuma kila kinapojaa, akikojoa anapata nafuu, baada ya muda ni yale yale. Akienda dukani anaambiwa ni UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, na anauziwa antibayotiki iitwayo siprofloksasini. Mwezi ujao tena. Maumivu yakipita wiki sita na mkojo uliooteshwa maabara hauna bakteria, antibayotiki haina cha kuua. Kinachobaki ni madhara yake, ikiwamo kuumiza kano za kisigino. Nasema kuotesha, yaani kuuacha mkojo maabara ili bakteria, kama wapo, waote na kuonekana, si kile kijiti cha kuchovya chenye majibu ya dakika mbili. Kwetu mwambao kichocho nacho kitafutwe mapema, hasa mkojo ukiwa na damu. Dawa yake, prazikuanteli, ni miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, pamoja na chakula: mtu wa kilo 60 anameza vidonge vinne vya miligramu 600. Kumpa viwili "kwanza tuone" si kumtibu. Na damu isiyotokana na kichocho ina mambo mengine ya kuchunguzwa, saratani ikiwamo.

Ikithibitika hakuna maambukizi, mara nyingi daktari huandika amitriptilini, na hapo ndipo mambo huharibika. Mgonjwa anafungua karatasi ya ndani ya boksi, anakuta ni dawa ya sonona, anahitimisha kwamba kaonekana ana matatizo ya akili. Vidonge vinaishia kabatini. Angeambiwa mapema kwamba kwa sonona dozi hufika miligramu 75 na zaidi kwa siku, ila kwa kibofu huanzia 10, kutuliza mishipa ya fahamu inayopeleka maumivu, angemeza.

Jingine ni saa. Bahasha ya dawa ikiandikwa "1x1" peke yake, yaani kidonge kimoja mara moja kwa siku, mtu anakunywa asubuhi na kushinda anasinzia kazini. Anayelala saa nne usiku aandikiwe saa mbili usiku. Akichelewa mpaka saa sita ataamka na kichwa kizito.

Vidonge vya miligramu 10 havipatikani kila mahali, vilivyojaa ni vya 25. Daktari akiridhia nusu, kikatwe kwa kikatio cha vidonge. Kidonge kisicho na mstari wa katikati ukikipasua kwa meno au wembe, pande mbili hazilingani, na dozi ya leo si ya kesho. Kupandisha dozi ni kazi ya daktari, hatua kwa hatua.

Ugumu mkubwa ni kwamba maudhi hutangulia nafuu. Mdomo kukauka, usingizi na choo kigumu huanza siku za mwanzo. Maumivu huchukua wiki tatu, nne, hata zaidi kupungua. Wengi huacha katikati hapo na kusema dawa haifanyi kazi. Wagonjwa hawa pia huamka usiku kwenda kukojoa, na dawa hii huleta kizunguzungu: akae kwanza ukingoni mwa kitanda kabla ya kusimama. Akisahau dozi ya usiku, asiifidie asubuhi. Baada ya kuitumia muda mrefu asiikatishe ghafla. Mkojo ukigoma kabisa kutoka, aende hospitali siku hiyo hiyo.

Mwenye presha ya macho, tezi dume au ugonjwa wa moyo aseme kabla ya kuandikiwa. Tramado, dawa ya maumivu makali, juu ya amitriptilini inaweza kuleta degedege. Pombe na piritoni huongeza usingizi. Flukonazo, ambayo akina mama wengi hupewa kwa fangasi, hupandisha kiwango cha dawa hii mwilini, na ile ya mseto ya malaria inaweza kuvuruga mapigo ya moyo zikikutana. Malaria itibiwe, lakini anayetibu ajue mgonjwa anameza nini.

Diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, nayo inatumiwa ovyo. Mgonjwa hupunguza maji ili asikojoe mara kwa mara; mkojo unakuwa mzito na kukichoma kibofu zaidi, anaongeza diklofenaki, na figo zisizo na maji ya kutosha ndizo zinazoumia.

Wanaoletewa pentosani, yaani Elmiron, dawa nyingine ya maumivu ya kibofu, na ndugu walioko Marekani wapimwe retina, sehemu ya nyuma ya jicho: tangu 2020 maelezo ya dawa hiyo huko yanaonya juu ya uharibifu wa macho. Pia inalainisha damu kidogo, hivyo anayetumia aspirini au wafarini asijianzishie.

Wenzangu wa dirishani, bahasha iwe na jina la dawa, miligramu, saa ya kumeza na tarehe ya kurudi kwa daktari. Na mama mwenye mtoto mdogo nyumbani aambiwe aiweke amitriptilini juu, kwenye kufuli, kwa sababu vidonge vichache tu vinaweza kumuua mtoto.

Mfamasia,
Tanga