Kulwa, kabla hujabadili kanuni ya uvutano

Nyegezi, Mwanza

Mwanangu Kulwa,

Huku sote wazima. Umeuliza kama kutanuka kwa ulimwengu kunakozidi kasi kunatulazimu tuachane na Einstein. Hakutulazimu. Kunatupa ruhusa ya kujaribu, na anayejaribu ana mitihani migumu mbele yake.

Anza na ushahidi. Mwaka 1998 timu mbili, moja ya Saul Perlmutter na nyingine ya Brian Schmidt na Adam Riess, zilitoa vipimo vya supanova za aina ya Ia, yaani nyota zinazolipuka zikiwa na mwanga unaokaribiana. Zifikirie kama karabai za wavuvi wa dagaa usiku ziwani: zikiwa na nguvu moja, iliyofifia ndiyo iliyo mbali. Ila supanova hazilingani kabisa. Inayochelewa kufifia huwa na mwanga mkubwa zaidi, hivyo lazima urekebishe. Vumbi nalo hupunguza mwanga, lakini huigeuza nuru kuwa nyekundu zaidi, ndiyo maana hupimwa kwa vichujio vya rangi zaidi ya kimoja. Ukiruka hatua hiyo, utahesabu vumbi kuwa umbali.

Sasa chukua kalamu. E(z), yaani kasi ya kutanuka kwa ulimwengu ikilinganishwa na ya leo, ni kipeuo cha pili cha 0.3(1+z)³ + 0.7; z ni kiasi mawimbi ya nuru yalivyorefuka njiani, 0.3 ni sehemu ya maada, na 0.7 ni kile kinachozidisha kasi. Kwa z = 0, 0.25 na 0.5 utapata 1, 1.134 na 1.309. Ili kupata umbali, jumlisha 1/E kutoka z = 0 hadi 0.5 kwa kanuni ya Simpson: (0.5/6) × (1 + 4/1.134 + 1/1.309) = 0.441. Kisha, kwa ulimwengu wa maada pekee, futa 0.7 na uweke 1 mahali pa 0.3, utapata 0.367. Umbali umezidi mara 1.20, kwa hiyo mwanga unaotufikia umepungua kwa asilimia 31 hivi. Ugunduzi wote umo humo.

Hiyo 0.7 unaweza kuiita nishati ya giza, au ukabadili mlinganyo wa uvutano. Mwaka 2003 ulipendekezwa mfano wa R − μ⁴/R (R, kipimo cha kupinda kwa anga-wakati, ndiyo aliyoitumia Einstein peke yake; μ ni namba ndogo isiyobadilika), unaoleta ongezeko la kasi bila nishati ya giza. Unavutia, lakini unaangukia hapa hapa kwenye mfumo wa Jua: γ yake, kipimo cha jinsi maada inavyopinda nafasi (kwa Einstein ni 1), ni 1/2, na nuru inayopita kando ya Jua ingepinda sekunde 1.31 za pembe badala ya 1.75. Chombo cha Cassini kimeonyesha γ ni 1, kwa tofauti isiyozidi sehemu chache katika 100,000.

Justin Khoury na Amanda Weltman walileta mbinu ya kinyonga mwaka 2004: nguvu ya ziada hujificha penye maada nzito na kujitokeza palipo patupu. Katika nadharia za f(R), yaani zinazoweka fomula nyingine mahali pa R ya Einstein, ziada hiyo haizidi 1/3 ya uvutano wa kawaida. Itafute kwenye ukuaji wa vishada vya galaksi, Kulwa, maana nadharia mbili zinaweza kutoa mchoro uleule wa supanova na zikakusanya galaksi kwa kasi tofauti.

Tarehe 17 Agosti 2017 mawimbi ya uvutano kutoka galaksi ya NGC 4993, umbali wa miaka nuru milioni 130 hivi, yalifuatwa na miale ya gama baada ya sekunde 1.7. Nadharia nyingi zilizobadili kasi ya mawimbi hayo zilianguka siku hiyo. F(R) haziibadili, zikabaki. (Jioni za Mei galaksi hiyo hupita nyuzi 21 tu kusini mwa utosi wa anga la Mwanza, ingawa bila darubini huioni.)

Kabla ya yote, tafuta f'' ya mfano wako, yaani kokotoa badiliko la f kwa R mara mbili. Ikiwa hasi, ndani ya maada nzito mtikisiko mdogo utakua bila breki. Jaribu kwanza kwa R − μ⁴/R: utapata −2μ⁴/R³.

Mama yako